Pampu ya Kusini, Mzima, Sasa Hivi

Nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na tisa. Cheka ukimaliza tuendelee. Mtu aliyekaa miaka saba kwenye jengo moja la Kariakoo akizisikiliza mashine asubuhi mpaka jioni, kisha akaondoka kwa miguu yake bila kufukuzwa, huyo kastaafu. Anayebisha aje na barua yangu ya kufukuzwa anionyeshe.

Nawaandikia nyie mnaoingia sasa kwenye kazi hii ya kutunza mashine za majengo. Najua mmesoma kuliko mimi. Mimi ni wa kidato cha nne, na hesabu yangu ilikuwa ya kuokota. Lakini kuna jambo halipo kwenye vitabu vyenu, nami lilitaka kuniulia mwanangu, kwa hiyo mtanisikiliza. Kaka Elibariki aliyenifundisha kazi aliniambia niandike kwa upole. Nimejaribu.

Kwanza mjue Jirani ni nini, maana wengi mnaikuta imewashwa na mnaiacha kama feni ya dari. Jirani ni programu isiyoonekana. Haina dirisha, haina kitufe, haizungumzi na wewe. Inajificha nyuma ya kazi nyingine zote kwenye kila kompyuta ya jengo: ya ofisini ghorofa ya nne, za kaunta za chini, ya lifti ya mizigo, na zile mbili ndogo zinazosimamia pampu za besimenti. Kila baada ya dakika tatu kila mashine inapaza sauti kwenye waya wa jengo: mimi fulani, saa yangu ni hii, nimewaka tangu juzi, kazi niliyobeba, yaani mzigo wangu, ni kiasi hiki. Haimwambii bosi. Inawaambia wote, na wote wanaandika walichosikia. Kwa hiyo ukikaa mbele ya mashine yoyote unapata habari za nyingine zote bila kwenda kugonga mlango. Mashine ikisikika, mbele ya jina lake panaandikwa MZIMA, na muda uliopita tangu isikike mara ya mwisho. Ikipita dakika kumi bila kusikika, panaandikwa KIMYA.

Ni kama nyumba yetu ya kupanga Buguruni, vyumba vinane na uani mmoja. Mpangaji wa chumba cha sita hujamwona wiki nzima, lakini unajua karudi, unajua kapika dagaa, unajua anakohoa. Hukumuuliza. Umesikia tu. Hapo ndipo Kaka Eli mwenyewe alipotoa jina, maana naye alipanga Buguruni hiyo hiyo alipotoka Moshi. Wazo lenyewe alisema ni la zamani, watu walikuwa nalo kabla yeye hajazaliwa. Yeye kalishona upya likae mwili wa jengo letu.

Jengo ni la Bwana Kirit. Chini ni maduka ya kanga na vitenge vya jumla, juu ni mafundi cherehani na ofisi, besimenti ni stoo za marobota. Bwana Kirit alizaliwa mtaa wa pili kutoka hapo, Kiswahili chake cha Kariakoo kuliko changu, na ukimdanganya anakujua kwa masikio. Aliniajiri kuandika mizigo inayoingia. Kaka Eli ndiye aliyegundua kwamba siogopi nyaya. Siku moja alinikuta nimeinama chini ya meza naipanga soketi iliyokuwa inatoa cheche, akaniambia niache kabla sijafa, halafu akanionyesha namna ya kuifanya bila kufa. Huo ndio uliokuwa usaili wangu.

Alikuwa na ualimu wa kihuni. Anachomoa waya mmoja mahali fulani kwenye ghorofa sita, anakaa anakunywa chai, anasema, "Haya mwanafunzi, nani kanyamaza?" Nami napanda na kushuka. Ndivyo nilivyojifunza kwamba KIMYA si kifo. Mashine inaweza kuwa inafanya kazi vizuri kabisa ila waya wake umeliwa na panya, au fundi cherehani kaweka mguu wa kiti juu yake. Msikimbilie kuizima na kuiwasha. Nendeni mkaangalie waya kwanza, kisha taa ya nyuma ya mashine, kisha ndipo muiguse.

Wiki yangu ya kwanza mimi mwenyewe nilichomoa kile kikasha kinachounganisha nyaya zote, ili nichaji simu. Baada ya dakika kumi orodha nzima ikawa KIMYA, KIMYA, KIMYA, kama makaburini. Bwana Kirit akapanda ngazi mbio na kipande cha chapati mkononi, anadhani jengo limeungua. Akanikuta naongea na simu. Alikaa kwenye kiti changu akamaliza chapati yake ananitazama. Ningeona heri anitukane.

Na jengo zima lilikuwa na utani na Jirani. Fundi mmoja wa ghorofa ya tatu aliniuliza kama inaweza kumwambia mkewe kwamba yuko kazini. Nikamwambia inaweza, ila itamwambia pia kwamba mzigo wake ni sifuri.

Hayo ya kucheka yameisha. Sasa la watoto.

Jengo lile lina wanawake wengi: wauzaji, washonaji, wapiga pasi. Wengi wetu tuna watoto wadogo, na wa kuwaangalia nyumbani hakuna, au yupo lakini humwamini. Kabla sijaajiriwa mimi palikuwa na utaratibu ambao hakuna aliyeuandika. Watoto wanashushwa besimenti, stoo ya mwisho, ya upande wa kusini. Pana marobota ya kanga yaliyopangwa hadi kifuani, na hakuna godoro Kariakoo nzima linaloshinda robota la kanga. Bi Mwanahawa, mama mtu mzima aliyekuwa akifagia jengo, ndiye aliyewatunza. Kila mama anachangia chakula chake. Bwana Kirit hajui, au anajua na hataki kujua. Watoto wanaingia kabla hajafika, wanatoka ameshaondoka. Kuli anayeshusha mzigo akimkuta mtoto amelala juu ya robota analolitaka, anachukua la pili.

Nilipojifungua Salma nilikaa naye nyumbani miezi mitatu, kisha naye akashuka besimenti. Msinihukumu haraka. Ghorofa ya nne kwenye ofisi palikuwa na feni, dirisha na nafasi ya kutandika mkeka, na palikuwa na amri kwamba ofisi si mahali pa watoto. Chini palikuwa na Bi Mwanahawa. Nami nilijiambia kwamba chini ndiko nilikokujua vizuri kuliko mtu yeyote, maana pampu mbili zinazozuia maji yasijae nilikuwa naziona kwenye orodha yangu kila dakika.

Eneo letu lina maji chini. Bonde la Jangwani si mbali, na masika yakishika, maji hayaji tu kutoka mbinguni, yanapanda kutoka ardhini. Pampu ya kaskazini ilikuwa na kompyuta mpya. Ya kusini, ile iliyo ukutani mwa stoo ya watoto, ilikuwa na kompyuta kuukuu. Mashine nyingine zote zinauliza saa kwa mashine ya ofisini. Ile ya kusini haikujua kuuliza. Ilikuwa na betri yake ndogo ya duara, kama kifungo cha koti, ya kutunza saa umeme ukikatika. Betri hiyo ilikufa nikiwa na mimba. Tangu hapo kila umeme ukikatika ukarudi, ilibidi mtu ashuke aandike saa kwa mkono.

Niliandika kwenye daftari la matengenezo: betri ya saa, pampu kusini, ibadilishwe. Bwana Kirit akaweka saini na neno "itaangaliwa". Nikaandika tena. Saini, itaangaliwa. Nikaandika mara ya tatu, nimepigia mstari. Itaangaliwa. Betri yenyewe inauzwa kwenye kibanda cha mtengeneza saa hatua kumi kutoka mlangoni. Mniulize kwa nini sikuinunua mwenyewe. Ninajiuliza mpaka leo. Nilikuwa nashindana naye. Nilitaka aseme ndiyo.

Siku yenyewe mvua ilianza alfajiri. Kufika mchana njia ya bondeni ilikuwa haipitiki na mitaro ya mtaani kwetu ilikuwa inatapika. Saa saba umeme ukakatika, saa nane ukarudi. Nikashuka besimenti kuweka saa ya pampu ya kusini.

Nieleze vizuri hapa. Salma alikuwa na miezi kumi na moja na alikuwa hajanyonya tangu asubuhi. Nilimsikia analia nyuma ya ukuta, na mwili wa mama ukisikia hivyo haungoji ruhusa: blauzi yangu ilikuwa imelowa maziwa mpaka kiunoni. Nimeibana kwa mkono wa kushoto, naandika kwa wa kulia, simu iko begani. Kaka Eli alikuwa upande wa pili wa simu, yuko Buguruni, amekwama kwa mvua. Akaniuliza saa ngapi hapo.

"Saa nane na kumi."

"Ya mchana. Haya, andika hivyo hivyo, uniambie kama imekubali."

Nikaandika hivyo hivyo. Nane, kumi. Pembeni mashine inauliza AM au PM. Mchana ni PM. Nikachagua PM. Ikakubali.

Mtoto wa darasa la tatu anajua kwamba saa nane mchana kwenye mashine ni mbili. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaiandika sawasawa mara kadhaa mwaka ule. Siku hiyo niliandika saa ya kinywani kwenye mashine ya saa za Kizungu, na pampu ya kusini ikaanza kuishi saa mbili usiku wakati sisi tulikuwa saa nane mchana. Ilitutangulia kwa saa sita kamili. Nikafunga kikabati cha kompyuta ile, nikaingia stoo, nikamnyonyesha mwanangu, nikamlaza juu ya robota la ukutani, nikapanda ghorofa ya nne. Orodha ilisema pampu zote mbili MZIMA. Nikaridhika.

Haikupita saa moja, kipande cha nailoni cha kufungia marobota kikaingia kwenye mdomo wa pampu ya kusini. Ikakwama, ikachemka, swichi yake ikajikata, na kompyuta yake ikazimika pamoja nayo. Hayo tuliyajua baadaye. Kwa wakati ule nilichokijua ni orodha.

Bwana Kirit alipiga simu kutoka chini akiuliza kama makuli waanze kupandisha marobota ya besimenti. Nikatazama. PAMPU KUSINI, MZIMA, SASA HIVI. Nikamwambia hapana haja. Akawaacha waendelee kushusha lori lililokuwa mlangoni.

Baada ya muda kidogo akapiga Bi Mwanahawa. Alikuwa hapendi simu, anaishika mbali na sikio kama inauma.

"Mwanangu, maji yamefika kizingiti cha stoo. Na naona kama mngurumo umepungua."

Nikatazama tena. MZIMA, SASA HIVI.

"Pampu zote zinafanya kazi, Bi Mwana. Usiwatoe watoto nje kwenye mvua."

"Haya. Kama mashine imesema."

Yule mama hajui kusoma. Alikuwa amekaa kando ya pampu ile miaka, anaijua kama mtu anavyojua mkoromo wa mumewe, na alisikia imenyamaza. Mimi nilikuwa ghorofa ya nne, nikambishia masikio yake kwa maandishi. Mkitaka kujua hasira yangu inakaa wapi, inakaa kwenye sentensi ile niliyomwambia, na nilimwambia kwa sauti ya mtu anayejua.

Kilichoniokoa si akili, ni mazoea. Kaka Eli alinizoesha kusoma orodha kwa macho ya mpita njia, bila kutafuta kitu. Mashine ya kaunta ya kwanza ilisema imesikika dakika moja iliyopita. Lifti, dakika mbili. Pampu ya kaskazini, dakika tatu, kisha sasa hivi, kisha dakika moja. Wanapanda na kushuka, kila mmoja na zamu yake, maana kila mmoja anasema mara moja kwa dakika tatu. Pampu ya kusini, sasa hivi. Nikajaza fomu ya mzigo mmoja, nikatazama. Sasa hivi. Nikanywa maji. Sasa hivi.

Hakuna anayesema sasa hivi kila wakati. Hata mbea wa mtaani kwetu anapumzika.

Nikatazama mzigo wake: thelathini na saba. Nikahesabu dakika nne kwa saa ya ukutani. Thelathini na saba. Pampu inayovuta maji ya masika haitulii kwenye namba moja. Hapo ndipo nikaiomba mashine inionyeshe ujumbe wenyewe kama ulivyofika, na saa iliyoandikwa ndani yake. Saa tatu kasoro usiku. Nje kulikuwa na mwanga.

Nikaelewa yote mara moja. Jirani ilikuwa inachukua saa ya ofisini, inatoa saa iliyo kwenye ujumbe, inapata muda uliopita. Saa ya ujumbe ilikuwa mbele, ikapata muda ambao haujapita, na Kaka Eli hakuwahi kufikiria kwamba mtu anaweza kuleta habari za baadaye. Chochote kilicho chini ya dakika moja, programu inaandika SASA HIVI. Kwa hiyo pampu iliyokufa saa tisa kasoro ingeendelea kuwa MZIMA, SASA HIVI mpaka saa tatu kasoro usiku, na hakuna mtu ambaye angejua.

Nilishuka ngazi za ghorofa nne sijui vipi. Kiatu kimoja kilipatikana ghorofa ya pili.

Chini ya ngazi, kabla ya mlango wa besimenti, kuna swichi kuu ya jengo. Nilipofika hapo nikaona maji ya besimenti yamepita ngazi ya tatu kutoka chini, na nikaona soketi ya ukutani ya besimenti imebakiza kiganja kimoja izame. Kaka Eli alinifundisha siku ya kwanza, tukiwa chini ya meza ile: maji na umeme vikikutana, wewe usiwe wa tatu. Nikashika mpini wa swichi. Kuli mmoja aliyekuwa na robota begani akaniita.

"Dada, ukizima hapo unaua na ile pampu nyingine. Na taa."

Alikuwa sahihi. Pampu ya kaskazini ndiyo peke yake iliyokuwa inavuta. Nikizima, maji yanapanda mara mbili kasi yake, na mwanangu yuko huko gizani. Nisipozima, soketi ikizama, kila aliyegusa maji amekwisha, na huko ndani palikuwa na watoto watano na mama mtu mzima aliyesimama majini. Wenzangu, mkifikishwa hapo msianze kupima. Nimeshawapimia. Nilizima.

Giza la besimenti halina mfano wake. Niliwasha tochi ya simu nikaingia, maji yakanifika mapajani, ya baridi, yana harufu ya rangi ya nguo. Yule kuli alitupa robota lake akaja nyuma yangu na wenzake wawili. Nilimsikia Bi Mwanahawa kabla sijamwona. Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anaita majina, mmoja mmoja, polepole, kama mwalimu wa madrasa.

"Amani."

"Naam."

"Nasra."

"Abee, bibi."

"Gody."

"Naam."

"Shufaa."

"Abee."

"Salma."

Salma alikuwa na miezi kumi na moja. Alikuwa hajui kuitika.

Bi Mwanahawa akaanza tena kutoka mwanzo. Amani, naam. Nasra, abee. Akifika kwa Salma anangoja, halafu anarudi mwanzo. Nikamuuliza yuko wapi, akasema alimwacha palepale nilipomlaza, juu ya robota la ukutani, lakini marobota yalikuwa yameanza kuelea na kugeuka, na tangu taa izimike hakuthubutu kusogea asije akawaangusha hawa wanne waliomshika nguo.

Nilimulika ukutani. Robota lilikuwa limelala ubavu na juu yake hapakuwa na kitu. Nimesema awali KIMYA si kifo. Nilikuwa nimewafundisha watu wengine maneno hayo. Nendeni mkaangalie waya kwanza. Niliyarudia kwa sauti kama kichaa, waya kwanza, waya kwanza, huku napapasa kati ya marobota kwa mikono miwili na simu iko mdomoni. Robota lilikuwa limepinduka likamteremsha kwenye pengo la juu kati ya ukuta na robota la nyuma, ambapo maji yalikuwa hayajafika. Nilishika mguu. Ulikuwa mkavu. Nikamvuta. Hakulia, hakushtuka, kichwa kikaangukia begani kwangu kizito.

Nikamfinya. Nilimfinya mwanangu kwa kucha, pajani, kwa nguvu zangu zote, ili nimsikie.

Akalia. Ana alama mpaka leo, ndogo, kama mbegu ya ufuta.

Makuli waliwatoa wale wanne mabegani, na yule aliyenikataza kuzima akambeba Bi Mwanahawa mgongoni, huku mama analalamika kwamba hajabebwa na mwanamume tangu harusi yake. Tulipotokeza juu, Bwana Kirit alikuwa amesimama ukumbini kati ya marobota ya lori. Aliwatazama watoto wakipita, mmoja, wa pili, wa tatu. Nadhani alikuwa anahesabu. Akaenda akarudi na doti nzima nzima za kanga mpya akawafunika mwenyewe.

Kesho yake palibandikwa karatasi mlangoni: watoto hawaruhusiwi ndani ya jengo. Hilo tu. Kuhusu betri, neno halikuwepo.

Nilichukua daftari la matengenezo nikashuka nalo dukani kwake, mbele ya wateja. Nikamsomea mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, "Mama Salma, saa uliandika wewe."

"Ndiyo, niliandika mimi. Nitakufa nayo. Na hii saini ni ya nani?"

Akamgeukia mteja. Asubuhi iliyofuata hatukushusha watoto besimenti na hatukuwaacha nyumbani. Tuliwakalisha juu ya kaunta yake, watano wote, kati ya vitenge, na kila mama akaenda kwenye kazi yake. Nasra alikojoa palepale. Kabla ya adhuhuri Bwana Kirit alikuwa amevua koti, anatoa maboksi matupu kutoka chumba cha ghorofa ya kwanza chenye dirisha, anabeba mwenyewe. Watoto wako huko mpaka sasa, na Bi Mwanahawa ana mlango wake na ufunguo wake. Betri ilinunuliwa siku hiyohiyo. Kwenye kile kibanda cha hatua kumi.

Na Kaka Eli nilimkalia kooni. Alianza kwa kuniambia yeye alisema mchana, mimi nikaandika usiku. Nikamwambia yeye alisema hivyo hivyo, na hivyo hivyo ndivyo nilivyofanya, na programu inayomwamini kila anayesema saa yake bila kumtazama usoni si programu, ni bwege. Siku ya tatu akaja akakaa kwenye kiti changu akaifungua Jirani upande wa ndani. Sasa inaandika saa ambayo yenyewe imesikia, siyo saa aliyoisema msemaji. Ujumbe ukija na saa ya mbele, panaandikwa SAA MBOVU kwa herufi nyekundu. Na neno MZIMA nilimlazimisha alitoe. Hakutaka, alilipenda. Nikamwambia Jirani haijui nani mzima. Inajua nani alisikika, na lini. Basi ndivyo mnavyoona leo: ALISIKIKA, na saa mbele yake. Mkikuta jengo lenye lile neno la zamani, lifuteni.

Niliendelea miezi sita. Sikuondoka kwa kumchukia Bwana Kirit. Niliondoka kwa sababu kila nikisoma orodha ilinibidi nisimame niende nikaangalie. Ghorofa ya nne mpaka besimenti, besimenti mpaka ghorofa ya nne, kutwa. Mtunza orodha asiyeiamini orodha anamaliza magoti tu. Siku hizi nina meza yangu Ilala, natengeneza simu, na kila kinachokufa kinakufa mbele ya macho yangu.

Nimewaachia karatasi nyuma ya mlango wa kikabati cha pampu ya kusini, nimeiandika kwa kalamu nzito: saa nane mchana, andika mbili. Msiicheke na msiitoe. Siku mnayoona haiwahusu ndiyo siku mtakuwa mmebana kitu kwa mkono wa kushoto.

Salma ana miaka miwili na nusu sasa, anashinda hapa mezani, nyuma yangu, na ndoo yake ya vifuniko vya soda. Wateja wakifika wananiamkia, na kwa mazoea tu wanauliza, mtoto hajambo? Zamani ningejibu kabla swali halijaisha.

Siku hizi nageuka kwanza, namtazama, ndipo najibu.